Usukani Ulionyamaza

Tarehe 17 Machi 2001, siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umelala juu ya ziwa mpaka ng'ambo haionekani. Saa nne jua limetoka kidogo, halafu likarudi ndani kama mtu aliyesahau kitu.

Hayo ndiyo niliyoandika Jumamosi ile asubuhi, na sikuongeza neno, maana sikuweza kukaa. Niliingia jikoni, nikatoka, nikafagia ua uliokuwa umelowa, jambo ambalo halina maana. Leo najaribu kuandika yaliyobaki. Nilisoma mpaka la sita tu, na gari siijui kama wanavyoijua wenye kazi yao, kwa hiyo niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Siku ile ilikuwa ya kuamua jambo moja: kama mume wangu ataendelea kuendesha gari yetu ya maharusi, au kama atampa mdogo wake ufunguo moja kwa moja. Walipatana wenyewe, uani, mimi nikisikia. Akimfikisha bibi arusi kanisani na kumrudisha bila mkono kumshinda, anaendelea. Mkono ukimshinda, mdogo wake anashika.

Gari yenyewe ilikuwa ya zamani, ya milango miwili, nyekundu iliyochujuka, chini sana hata ukiingia unafikiri unakaa barabarani. Ililetwa kutoka Ulaya na mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyependa kukimbia nayo Jumapili. Mume wangu aliipata imekufa, imejaa kuku, akaifufua polepole kabla ya vita. Mbele ina viti viwili. Nyuma kuna kiti kidogo cha kukaa mtoto, au mimi nikikunja magoti.

Usukani wake ulikuwa mwembamba, wa mbao. Kati ya usukani na mipira ya magurudumu hakukuwa na kitu cha kusaidia mkono: chuma, meno ya chuma, chuma tena, basi. Gari ikisimama, kuugeuza ni kama kuzungusha jiwe la kusagia. Ikianza kwenda unakuwa mwepesi, na unatetemeka mikononi, kidogo kwenye lami, zaidi kwenye changarawe, na kwenye udongo uliolowa unalegea ghafla kama mkono wa mtu anayesinzia. Mume wangu alisema ile ni barabara inaongea. Kuna siku alinishikisha usukani tukiwa njia ya kwenda Nguba, mkono wangu chini ya wake.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Kama paka akikoroma."

Alifurahi sana. Lakini mpaka leo sijui kama nilisikia kwa mikono yangu, au kwa sababu alikuwa ameniambia nitasikia.

Alichokipenda zaidi ni miteremko. Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka, na esansi, yaani petroli, ilikuwa inauzwa kando ya njia ndani ya chupa, leo iko, kesho hakuna. Kwa hiyo karibu kila dereva akifika juu ya mteremko alizima motere, akaacha gari ishuke yenyewe. Teksi zilifanya hivyo, malori yalifanya hivyo, hata mapadri walifanya hivyo. Hakuna aliyeona ni jambo la kufikiria. Kwa mume wangu ilikuwa pia ni raha yake: motere ikinyamaza, anabaki yeye na usukani, barabara ikimweleza kila kitu.

Vita ya kwanza, ile ya 1996, ilipoingia mjini, watu wenye magari walificha vipande. Wengine walitoa batri, wengine walizika magurudumu shambani. Mume wangu alifungua usukani, akaufunga ndani ya kitenge changu, akaubeba mgongoni kama mtoto, tukashika njia ya Walungu kwa miguu pamoja na watu wote. Mvua ilikuwa imenyesha. Mtu akiteleza anatanguliza mikono. Yeye alipoteleza, mikono yake ilikuwa nyuma, imeshika mbao isivunjike, akaangukia bega la kuume. Muzee mmoja wa Walungu alilirudisha bega mahali pake. Kumtendea haki yule muzee, alisema mkono upumzike, na ni sisi tulioondoka kesho yake kwa sababu ya woga. Bega halikurudi kuwa lilivyokuwa.

Tuliporudi gari ilikuwepo uani. Jirani yetu alinieleza kwamba wanajeshi waliingia, mmoja akaketi ndani, akatafuta usukani, akacheka mpaka akakohoa. Mwenzake akamuuliza, "Hii iko ya kubeba nini? Pua?" Wakaondoka na pikipiki ya jirani. Mume wangu daima alisema usukani ndio uliookoa gari. Mimi nafikiri ni udogo wa gari yenyewe, maana vita ya pili ilipokuja, jeep zote na vigari vya mizigo vilichukuliwa, ile ikabaki tena, na safari hiyo usukani ulikuwa mahali pake. Lakini sikumwambia hivyo. Na huenda yeye ndiye mwenye haki.

Basi tukawa na gari pekee mtaani ya kubeba bibi arusi. Watu wa mbali wanafikiri wakati wa vita watu hawaoi. Wanaoa, tena upesi.

Shida haikuwa barabarani. Shida ilikuwa ni kuingia na kutoka. Ua wa kanisa, ua wa salle, ukumbi wa sherehe, kugeuza gari katikati ya watu wanaoimba: hapo usukani ni mzito, na hapo ndipo bega lilipokataa. Nilikuwa nyuma siku moja kule Bagira, nimeshika vazi la bibi arusi lisikanyagwe, nikamwona mume wangu anavuta usukani kwa mkono wa kushoto, anasukuma kwa goti, jasho linamtiririka. Wamama waliokuwa wakipiga vigelegele wakanyamaza kutazama.

"Papa," mmoja akamwita, "uko naendesha ao uko napigana?"

"Niko naomba njia, maman."

"Basi omba kwa mudomo, tutatoka!"

Walicheka wote, na yeye akacheka. Nyumbani hakucheka. Alikaa mlangoni akifungua na kufunga kiganja, na nilipomletea chai aliniuliza, "Nilikuwa naonekana namna gani?" Nikajibu, "Ulionekana dereva." Sina hakika kama lilikuwa jibu zuri.

Shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa dereva wa jeep ya shirika moja, na fundi pia. Yeye ndiye aliyekuja na wazo la kutoa ile direksio ya zamani, yaani mtambo wa usukani, na kuweka ile inayosaidia mkono, aliyoitoa ndani ya teksi-basi iliyopinduka njia ya Luvungi. Alitueleza: kuna pompu, mukaba, yaani mkanda, unaoshikwa na motere unaizungusha, pompu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma mipira. Wewe unagusa tu. Aliileta imefungwa ndani ya gunia, akaiweka mezani ninapokatia mboga.

"Yaya," akamwita, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hii utageuza na kidole."

"Kidole yangu haina njaa ya kazi."

"Bega yako njo iko na njaa?"

Mume wangu akakigeuza kile kitu, mafuta meusi yakachuruzika juu ya meza yangu. "Unaona hii? Ni kumutia gari pamba mu masikio."

"Gari haina masikio, yaya. Iko na mipira."

"Wewe unaendesha jeep. Ile jeep yako ukikanyaga ng'ombe, utajua saa ngapi?"

"Saa mwenye ng'ombe atakuja."

Hapo nilicheka mimi, na mume wangu akaniangalia kama nimehama upande. Lakini nisimwonee shemeji. Kuna watu mtaani waliosema alitaka gari iwe yake. Mimi nilimwona akilala chini ya ile gari jioni nyingi baada ya kazi yake mwenyewe, mgongo juu ya tope, akisaga chuma ili vitu viwili visivyozaliwa pamoja vikubali kukaa pamoja. Mtu anayetaka kumnyang'anya kaka yake gari hamtengenezei njia ya kuendelea kuiendesha. Ndivyo ninavyoona. Na mume wangu kwa upande wake hakuwa mkaidi: alimshikia taa, akampa funguo za kufungulia nati, akakaza mwenyewe ule mukaba wa pompu. Mimi niliuona ukizunguka siku walipowasha. Sote watatu tuliuona.

Siku ya kujaribu tulikwenda mpaka Muhumba na kurudi. Kwenye ua aligeuza usukani mpaka mwisho kwa mkono mmoja wa kushoto, bila kukunja uso. Shemeji, aliyekaa kando yake, alipiga makofi. Mimi nyuma nikamshukuru Mungu. Kisha tukaingia barabarani, na nikaona kwenye kioo macho ya mume wangu yakihangaika. Alitoka kwenye lami akaingia kwenye mashimo makusudi, akarudi kwenye lami, akaingia tena.

"Unatafuta nini?" shemeji akamuuliza.

"Barabara."

"Barabara iko chini yako!"

"Mimi naona na macho tu. Hapa," akainua viganja viwili kutoka kwenye usukani, gari ikiwa inakwenda, "hapa hakuna kitu."

"Weka mikono, yaya, weka mikono!"

Tangu siku ile nyumba haikutulia. Mume wangu alianza kula amesimama. Alienda kwenye gari mara kwa mara, akaketi, akawasha, akageuza usukani kushoto na kuume, akazima, akatoka. Nilimuuliza kama bega linauma. Hapana, bega liko sawa kabisa, akasema, na alisema kama mtu anayelalamika. Mimi pia niliambukizwa. Nikishona, nilichoma vidole. Nilijiuliza: mwanaume amepata anachohitaji, kwa nini mimi naona kama kuna mtu amefiwa? Halafu nikajikaripia kwamba nafikiri sana kama watu waliosoma.

Ndipo ikafika Jumamosi ile. Bibi arusi alikuwa msichana wa Kadutu, binti wa maman mmoja anayeuza mihogo na unga, na tangu utoto alibeba magunia pamoja na mama yake. Mikono yake ilijaza zile glavu nyeupe mpaka nyuzi zilikuwa zinaomba msamaha. Alikaa mbele kando ya mume wangu. Mimi nikakunja magoti nyuma na kushika vazi. Shemeji alifuata nyuma yetu na jeep ya shirika, aliyoruhusiwa, akiwa na mama wa bibi arusi na mashangazi. Nyuma yao vijana wa fanfare walitembea kwa miguu wakipuliza tarumbeta.

Kutoka uani kwao kulikuwa kugumu, njia nyembamba, ukuta huku, mtaro huku. Aligeuza mara moja, vizuri, kama anamenya ndizi. Wamama wakapiga vigelegele. Nilimwona akinyanyua kidevu. Nikafikiri, basi, imekwisha, anaendelea.

Tukafika juu, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea Nyawera. Lami ya pale ilikuwa imeliwa na mvua za miaka, umebaki udongo mwekundu, na manyunyu yalikuwa yameupaka kama sabuni. Mume wangu akaweka gia huru, akazima motere.

Hakuwaza. Wala mimi sikuwaza. Nakumbuka nilisikia ule ukimya nikaupenda, fanfare ikibaki juu nyuma yetu, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Alikuwa anasikiliza, nadhani. Alitaka kusikia tena.

Kona ya kwanza ni ya kushoto, na upande wa kuume kuna mtaro wa maji wenye kina cha mtu. Akavuta usukani. Haukuenda. Pompu ilikuwa imekufa pamoja na motere, na sasa alikuwa anasukuma gari na mafuta ya pompu pia, mzigo mzito kuliko ule wa zamani. Akavuta tena, nikaona shingo yake imesimama mishipa. Mkono wa kuume ukaachia, ukaanguka juu ya paja lake. Akakanyaga breki, mipira ikasimama lakini gari haikusimama, ikateleza moja kwa moja juu ya ule udongo, kuelekea mtaroni. Akaachia breki.

"Dada, vuta!" akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Bibi arusi akageuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akaweka mguu wake kwenye ubao wa mbele na kiatu chake cheupe, akavuta kama anavyovuta gunia kutoka kwenye lori. Nilisikia glavu ikipasuka. Gari ikaanza kugeuka, polepole, kisha yote kwa pamoja, na gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa mtaro, likarudi. Mbele kulikuwa na lundo la changarawe la watu waliokuwa wakijenga. Tukaingia ndani yake kidogokidogo, tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Nitaandika hivyo mara moja ili msomaji asihangaike. Mimi nilikuwa nimeuma vazi la bibi arusi kwa meno, sijui kwa nini.

Jeep ikafika. Mama wa bibi arusi akashuka kabla haijasimama.

"Mutoto wangu! Mutoto wangu iko wapi?"

"Niko hapa, maman. Niko nasaidia dereva."

"Unasaidia dereva? Tumemulipa huyu papa akubebe, ao wewe njo unamubeba?"

Mashangazi wakacheka kwa ile hofu inayotoka kupitia kinywa. Shemeji hakucheka. Alikuja mpaka dirishani, uso umekuwa wa majivu.

"Yaya. Ulizima motere?"

"Nilizima."

"Sikukuambia. Motere ikikufa, direksio inakufa. Sikukuambia, yaya."

"Ungeniambia nini? Mukaba nimekaza mimi."

Walibaki hivyo, kila mmoja akijivutia kosa upande wake, na mimi nyuma nikiwasikiliza. Nimejaribu mara nyingi kuligawa lile kosa kwa haki na sijaweza. Shemeji yeye alishuka miteremko yake yote na motere ikiwaka, maana mazuti, yaani dizeli, ya jeep ni ya shirika, angekumbukaje? Na mume wangu alizima motere juu ya kila mteremko tangu ujana wake; angeacha kwa nini siku ile? Yule aliyejua pompu hakujua mteremko, na aliyejua mteremko alikuwa anajua pompu kwa mikono tu.

Bibi arusi alisema misa inangoja. Shemeji akafungua mlango, akanyoosha mkono apokee ufunguo. Wakati ule niliona ni haki yake kwa mapatano yao. Mume wangu akatikisa kichwa. "Nimemutoa kwao, nitamufikisha." Akawasha motere. Akashuka mteremko uliobaki na motere inaunguruma, inakula esansi yetu, usukani mwepesi kwa mkono mmoja wa kushoto. Alimfikisha. Baada ya misa alimrudisha vilevile. Aligeuza kwenye ua wa kanisa mbele ya watu wote kwa urahisi ambao hajawahi kuwa nao. Aliyemtazama kwa mbali angesema ni dereva hodari.

Jioni shemeji alikuja, akakaa jikoni pamoja nasi, hakutaka kiti.

"Bon," akasema. "Mukono haikukushinda. Ni motere ilizimika. Kwa mapatano, unaendelea. Usizime tu."

Nilikuwa nangoja hayo kwa roho yote. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeweza kukataa.

Mume wangu akamgeukia. "Siku ya kwanza," akasema, maana yake Jumatatu, "utatoa ile kitu yako. Urudishe direksio yake ya zamani."

"Na bega?"

"Utaendesha wewe."

"Mimi? Ile mbao? Yaya, ile inauma mikono kama mbwa!"

"Utazoea."

"Lakini ulishinda!"

"Nimeshinda kuendesha kitu chenye kunyamaza. Kama haisemi na mimi, iseme na wewe. Angalau kuna mutu ataisikia."

Shemeji akanitazama nimsaidie. Sikujua nimsaidie nani. Niliona kwamba mume wangu ametupa kitu alichokuwa amekwisha kukipata, na upande mmoja wa moyo wangu ulitaka kumtikisa. Gari inabeba watu. Haikuwekwa duniani ili iongee. Upande mwingine ulikumbuka mabega yake pale juu, kabla ya kona, yalivyoshuka. Nilisimama, nikachochea moto uliokuwa hauhitaji kuchochewa.

"Utanifundisha?" shemeji akauliza mwishowe.

"Kukaa kando yako siwezi kukosa."

"Utanitukana."

"Kutukana njo kufundisha."

Nikapakua. Tulikula bugali ya mihogo, sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, za kukaanga, na mboga ya lengalenga. Mkono wa kuume wa mume wangu haukuweza kufika kinywani, nikampa kijiko, akala kwa kushoto, na shemeji akamtolea sambaza kubwa kutoka upande wake wa sahani.